Uchafu wa gesti zetu Mtwara na Lindi unaanzia kwenye hesabu ya mwenye gesti, mhudumu wa vyumba anaubeba tu

Mama Shangani

Wadau, habari za muda huu.

Kila msimu wa korosho ukikaribia na minada ikianza Oktoba, watu wanaulizana gesti gani safi Mtwara, ipi safi Masasi, Newala kuna pa kulala au bora tulale Tandahimba. Na kila mara malalamiko yanaishia kwa mtu mmoja, mhudumu wa vyumba. Shuka lina doa, mhudumu mchafu. Choo kinanuka, mhudumu mvivu. Taulo haijakauka, mhudumu hajali. Kazi hii nimeifanya tangu usichana wangu, Masasi kwanza, kisha hapa Mtwara mjini, na sasa nasimamia usafi kwenye hoteli ndogo maeneo ya Shangani. Nasema bila kupepesa macho: uchafu mwingi mnaoukuta unatokana na hesabu mbovu iliyopigwa na mwenye gesti kabla mhudumu hajashika hata fagio.

Nieleze chumba kimoja kinavyofanywa, kwa sababu hata wenye mali wengi hawajawahi kukifanya wenyewe.

Mgeni amekabidhi funguo saa nne asubuhi. Unagonga, unajitaja, unasubiri, unagonga tena, maana mtu anaweza kurudisha funguo mapokezi na mwenzake bado yuko bafuni. Ukiingia, pazia na madirisha kwanza, hewa izunguke. Halafu choo: unamwaga dawa mapema na kuiacha ifanye kazi wakati unashughulika na kitanda. Shuka halikumbatiwi. Unalikunja taratibu kuelekea katikati huku unaangalia, kwa kuwa ndani yake huwa kuna simu, pete, hela, wembe, na mara nyingine kondomu iliyotumika. Unakagua mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kichwani kama kuna vidoti vyeusi vya kunguni. Unatandika. Vumbi unalifuta kutoka juu kushuka chini, feni kabla ya meza. Kisha kioo, sinki, bafu, mwisho choo, kila kimoja na tambara lake, na tambara la choo halipandi kwenye sinki hata siku moja. Deki ni ya mwisho kabisa, unaanzia dirishani unarudi nyuma mpaka mlangoni. Ndipo unahesabu taulo, sabuni, kandambili, rimoti, na kuwasha balbu zote uone zinawaka.

Chumba hicho kwa mtu mzoefu kinachukua nusu saa mpaka dakika 40. Tuseme 35. Vyumba 12 ni dakika 420, yaani saa saba kamili. Weka saa moja ya kula na kupumzika, siku imekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi sita. Kwa hiyo vyumba 12 ambavyo wageni wameondoka ndiyo mzigo wa mtu mmoja anayefanya kazi vizuri, tena ikiwa kuna mwingine anayefua.

Sasa njoo kwenye gesti ya vyumba 20 yenye mhudumu mmoja, na zipo. Mara 35 ni dakika 700. Saa 11 na dakika 40, hajafua hata foronya moja, hajala, hajatumwa chapati na mgeni wa chumba namba tatu. Atafanyaje? Atapunguza. Sinki litafutwa kwa tambara la choo, shuka litageuzwa upande wa pili, chini ya kitanda hapaguswi. Ukimfukuza ukaleta mwingine utapata yaleyale, na ndiyo maana wapo wenye gesti wanaobadilisha mabinti kila baada ya miezi miwili na nyumba haijawahi kuwa safi.

Hapo nimehesabu chumba mara moja kwa siku. Tusioneane haya: gesti nyingi zinaishi kwa chumba cha saa. Chumba kinauzwa mchana mara mbili, usiku kinauzwa tena kwa mgeni wa kulala. Kwenye daftari la mapato ni mauzo matatu, lakini kwenye kupanga kazi bado kinaitwa chumba kimoja. Kwa mhudumu ni vitanda vitatu, mashuka sita, choo mara tatu. Mgeni wa kulala akikuta joto la mtu mwingine kwenye shuka, basi kabatini hakukuwa na lingine.

Mashuka ndiyo yananiumiza kuliko yote. Kanuni ya kazi hii ni seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja inafuliwa, moja kabatini imepumzika. Ukiwa na seti moja na nusu, mvua za masika zikianza shuka linarudi kitandani na unyevu, mgeni ananusa ukungu anadhani halikufuliwa. Huku pwani kuna na tatizo la maji. Visima vya karibu na bahari vina chumvi, sabuni haitoi povu, unamimina unga mwingi na shuka linakauka gumu. Maji yakiwa na chuma, jiki inaharibu zaidi: shuka jeupe linatoka na rangi ya kutu, binti akiona njano anaongeza jiki, njano inazidi. Maji ya namna hiyo yajaze kwenye pipa usiku, yaache yatulie, asubuhi chota ya juu, na jiki weka mbali.

Halafu mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mgeni wa msimu anakula bibo, anafuta mikono kwenye taulo, hata haonekani kuchafua kitu. Doa la bibo ukiliwahi bichi kwa maji baridi unalipunguza. Likishakauka linageuka kahawia na hilo taulo ni la kukata matambara. Kuna na wanunuzi wanaopasua korosho ghafi chumbani kuangalia kiini. Ganda la korosho lina mafuta yanayochubua ngozi. Ndugu zangu wanunuzi, wekeni maganda kwenye mfuko, mfunge, msiyamwage chini ya kitanda, kuna mtu anayaokota kwa mikono.

Chandarua nacho ni kazi ya mhudumu, wala si pambo. Mikoa yetu imo kwenye ile yenye malaria nyingi nchini. Chandarua chenye dawa hakifuliwi kwa jiki wala hakianikwi juani, dawa inaharibika. Kinafuliwa kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, kinaanikwa kivulini, na kila asubuhi unakishika dhidi ya mwanga wa dirisha uone kama kina tundu. Shona hapohapo. Mgeni aliyetoka Dar akarudi na homa hatakumbuka tundu la chandarua, lakini sisi tunajua.

Niseme na hatari zake. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, na bafu nyingi za gesti hazina dirisha. Binti anachanganya akidhani anapata dawa kali zaidi, anakohoa mpaka anakaa chini. Pipa la taka halishindiliwi kwa mkono, kuna sindano na nyembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, lakini ukiomba glavu unaonekana unajidai.

Na ya wageni wenyewe. Mhudumu anaingia peke yake kwenye chumba chenye kitanda na mwanaume asiyemjua. Mgeni anaita "lete taulo", ukifika amejifunga hiyo taulo uliyoombwa. Kwetu utaratibu ni kwamba mgeni akiwa ndani chumba hakifanywi, na kama ni lazima wanaingia wawili, mlango unabaki wazi, ndoo inawekwa katikati ya mlango. Taulo linapelekwa mpaka kizingitini, basi. Msimamizi anayemwambia binti "mvumilie, ni mteja mkubwa" amemuuza.

Mhudumu pia ndiye wa kwanza kuona mgeni amezidiwa na homa, au mtu mzima ameingia na mtoto wa shule. Akiona mtoto asiseme "si kazi yangu". Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mwenye gesti akimzuia kupiga simu, ajue anamlinda nani.

Malipo nitayasema kwa kifupi kwa kuwa yako kwenye maandishi. Amri ya kima cha chini ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliweka 150,000 kwa mwezi kwa migahawa, gesti na baa. Amri nyingine imefuata na kuanza 1 Januari 2026, viwango vikapanda tena. Ukikuta mhudumu wa vyumba 20 analipwa 80,000 na "chakula cha jikoni", usimuulize kwa nini hatabasamu.

Karibuni.

Mnunuzi wa Msimu

Mama, asante kwa maelezo. Mimi ni mmoja wa wale wa kupasua korosho chumbani, la maganda nimelipokea. Lakini usafi ni jambo moja, wizi ni jambo lingine. Msimu uliopita nilipoteza simu chumbani Newala. Aliyeingia ni mhudumu peke yake. Nimtuhumu nani?

Mama Shangani

Pole sana kaka. Sitasema mhudumu haibi, binadamu ni binadamu. Ila jiulize nani mwingine alikuwa na funguo. Gesti nyingi akiba ya funguo inaning'inia msumarini mapokezi, analala nayo mlinzi, anaipitia fundi wa bomba, anaichukua mtoto wa mwenye nyumba. Simu ikipotea anasachiwa mhudumu, anavuliwa mpaka nguo mbele ya watu, na anafukuzwa kabla haijapatikana. Nimeona binti amefukuzwa asubuhi, jioni simu ikakutwa kwenye gari la mgeni mwenyewe. Hakuna aliyemfuata kumwomba radhi.

Kinachomlinda mgeni ndicho kinachomlinda mhudumu: daftari la funguo. Nani kachukua, saa ngapi, karudisha saa ngapi, sahihi. Na daftari la pili la vitu vilivyosahauliwa, kila kitu kinaandikwa siku hiyohiyo, chumba na tarehe, kinafungwa kabatini kwa msimamizi. Ukifika gesti uliza kama madaftari hayo yapo. Kama hayapo, simu yako usiiache.

Mwenye Gesti Masasi

Mama Shangani shikamoo. Nimesoma yote na sikubaliani na lawama zote kutupiwa sisi. Unaongea kama chumba tunauza laki. Changu ni 15,000, wengine hapa stendi wanauza 10,000. Oktoba mpaka Januari nyumba inajaa, sikatai. Njoo Aprili, wageni watatu wanne. Umeme uleule, leseni ileile, mlinzi yuleyule. Nikiajiri watu watatu wa kudumu nitawalipa nini masika? Na nikiwapunguza mtasema nimenyanyasa.

Mama Shangani

Marahaba mwanangu, na nimefurahi umesema waziwazi, maana wenzako wanasoma na kunyamaza.

Masika naijua. Lakini angalia, wewe mwenyewe umeshasema kazi ina misimu miwili. Basi panga watu kwa misimu miwili. Wawili wa kudumu mwaka mzima kwa malipo halali, hao wanajua kila mlango na kila bomba. Msimu ukianza ongeza vibarua wa kufua, tena walewale kila mwaka, waite kabla ya mnada wa kwanza, usiwaokote stendi siku nyumba imejaa. Kibarua wa kufua kwa siku unamlipa pungufu ya bei ya chumba chako kimoja. Chumba kimoja tu kinamlipa, na wahudumu wako wanabaki na vyumba peke yake.

Masika wale wawili wana kazi tele, kama utaipanga. Magodoro yanageuzwa na kuanikwa siku za jua. Mapazia yanafuliwa. Vyandarua vinashonwa. Kuta zinafutwa ukungu. Mashuka yaliyochoka yanakatwa foronya, foronya zilizochoka zinakatwa matambara. Gesti inayofanya hivi haiingii msimu inakimbizana na fundi.

Na seti ya tatu ya mashuka usiinunue yote kwa mkupuo. Nunua vitanda vitano kila mwezi. Shuka linalopumzika linadumu zaidi ya lile linalofuliwa leo na kutandikwa leo.

Binti wa Nachingwea

Shikamoo mama. Mimi nafanya kazi gesti moja Lindi mjini. Mwezi uliopita mgeni ameondoka na taulo mbili, bosi kanikata 20,000, kasema nilitakiwa nihesabu kabla hajatoka. Lakini mgeni aliondoka saa kumi alfajiri, mimi naingia saa moja. Mwezi wa nyuma yake nilikatwa kwa glasi. Sina mkataba, tulikubaliana kwa mdomo. Nifanyeje na sitaki kufukuzwa?

Mama Shangani

Marahaba mwanangu. Pole. Hili la kukatwa kwa taulo ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine, na wenye gesti wanalichukulia kama desturi. Kaka wa Chuno amewahi kutusaidia kwenye mambo ya sheria, namwomba apite hapa. Kwa upande wa kazi nikuambie hivi: mgeni wa alfajiri anapokelewa funguo na mlinzi au mapokezi, na huyo ndiye mwenye nafasi ya kukagua. Mwambie bosi kwa upole kwamba anayepokea funguo ndiye aangalie chumba kabla mgeni hajavuka geti. Mwambie ukiwa na mwenzako, usimwambie peke yako.

Kaka wa Chuno

Nipo mama, nilikuwa safarini Liwale.

Dada yangu, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinahusu jambo lako moja kwa moja. Mwajiri hakati mshahara kwa hasara mpaka masharti yatimie: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato kwa ujumla yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Mgeni kuondoka alfajiri wakati hujaingia kazini, kosa lako liko wapi?

La mkataba wa mdomo lisikutishe. Kufanya kazi bila karatasi hakukuondolei haki. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Likifika kwenye shauri, mzigo wa kuonyesha mlikubaliana nini unamwangukia yeye aliyeshindwa kuandika. Wewe anza leo kuandika kwenye daftari lako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulicholipwa, ulichokatwa. Ujumbe wa simu wa bosi usifute. Malipo ya simu usifute.

Ikishindikana kuzungumza, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unajaza Fomu Namba 1. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko, kwa madai mengine kama makato una siku 60. Watu wanapoteza haki kwa kusubiri msimu uishe. Chama cha wafanyakazi wa sekta yenu ni CHODAWU, kinabeba hoteli na majumbani pia.

Dada wa Ligula

Na sisi wa majumbani? Naona mnaongelea gesti tu. Wa gesti anahesabiwa vyumba, sisi tunahesabiwa nini? Naamka saa kumi na moja kuandaa watoto wa shule, nafua, napika, nauza barafu na maandazi ya mama dirishani, jioni nambeba bibi kwenda chooni, usiku mtoto akilia ni mimi. Nikiuliza mapumziko naambiwa "wewe ni mtoto wetu, mtoto anapumzika na nini?"

Kaka wa Chuno

Dada, sheria ni ileile. Mfanyakazi wa nyumbani hakuachwa nje. Saa 45 kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi siku 84, notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Kima cha chini kwenye ile amri ya 2022 kilikuwa 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa anayetoka kwake kuja na kurudi, na kwa waajiri wa ngazi za juu kama mabalozi kilikuwa juu zaidi. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Mkataba Namba 189 wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani tarehe 16 Juni 2011, na ndiyo maana siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka.

Barafu na maandazi ni biashara. Hiyo ni kazi ya pili, na kazi ya pili ina malipo yake.

Mama Shangani

Dada wa Ligula, umenigusa. Ulichotaja ni kazi za watu wanne: mpishi, dobi, mlezi na muuza duka. Na bibi anayebebwa ni uuguzi, kuna namna ya kumnyanyua mtu usiumie kiuno, hakuna aliyekufundisha. Anayekwambia wewe ni mtoto wake muulize, kwa adabu, kama mtoto wake wa kumzaa anaamka saa kumi na moja kuandaa wenzake. Wengi wanaotuita watoto wana nia njema kabisa. Lakini nia njema haina saa ya kulala, na wewe unaihitaji hiyo saa.

Anza na dogo moja, lile litakalokubaliwa. Jumapili kuanzia saa nane mchana uwe huru, utoke, uende kwa ndugu. Likishazoeleka ndipo uombe la maandazi.

Mzee wa Mikindani

Nawasoma. Niongeze moja tu. Boma letu hapa Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilipokarabatiwa na kufanywa hoteli vijana wa hapahapa walifundishwa kazi za hoteli. Mmoja ni mjukuu wangu. Alirudi nyumbani akawa anatandika kitanda cha bibi yake kwa kona zilizokunjwa, bibi akawa anaogopa kukilalia. Kazi hii inafundishika. Tatizo letu ni kudhani msichana amezaliwa anaijua kwa kuwa ni msichana. Mvulana naye anaweza kutandika.

Mama Shangani

Mzee wangu, shikamoo, umesema kweli tupu. Ninao vijana wawili wa kiume, na mmoja ana jicho la vumbi kutupita sote. Na waliojifunza kazini kama mimi wajue VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ukipita unapata cheti. Ulizieni VETA Mtwara na VETA Lindi. Cheti kinakutoa kwenye gesti ya mshahara wa 80,000.

Dereva wa Malori

Mimi swali langu ni kunguni tu. Nalala gesti za barabarani kuanzia Kibiti mpaka Mangaka. Wanatoka wapi, na kwa nini wakipigwa dawa wanarudi?

Mama Shangani

Kaka, wanakuja na mabegi. Hata begi lako. Gesti safi inaweza kuletewa leo. Dawa ikipigwa mara moja inaua wakubwa, mayai yanabaki, baada ya wiki moja mbili wanaanguliwa. Lazima irudiwe. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60 kwenda juu, kitanda kifunguliwe vipandevipande, misumari na nyufa za ubao zisuguliwe kwa brashi. Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa chumba kimoja, na chumba kisiuzwe mpaka iishe. Mwenye gesti anayekataa kufunga chumba siku mbili ndiye anayekulalisha nao. Wewe ukifika usiweke begi kitandani, liweke mezani, funua kona ya godoro uangalie mishono.

Mwenye Gesti Masasi

Mama, nimekaa nimepiga hesabu kwa daftari langu la Novemba. Vyumba 18, lakini kwa mauzo ya mchana na usiku wastani umefika 27 kwa siku. Walikuwa wawili. Sikuwahi kuliangalia kwa upande huo. Huo utaratibu wa vyumba 12 unauandikaje ili nao wasije wakajifanya wamemaliza?

Mama Shangani

27 kwa dakika 35 ni dakika 945. Gawa kwa wawili, kila mmoja saa nane kasoro dakika saba na nusu, na walikuwa wanafua juu ya hapo. Kwa hiyo wewe huhitaji mhudumu wa tatu, unahitaji mfuaji. Nafuu yako hiyo.

Karatasi ni moja, ibandike kwenye stoo ya mashuka. Mstari mmoja kwa kila mara chumba kinapofanywa, hata kama ni chumba kilekile mara ya tatu. Namba ya chumba, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mashuka yaliyotoka, mashuka yaliyoingia, sahihi ya mhudumu. Chumba ambacho mgeni anaendelea kulala kihesabu nusu. Sehemu ya chini andika vilivyoharibika: balbu, koki, kitasa, chandarua. Hiyo sehemu wewe ndiye unayeisaini kila jioni, na tarehe uliyoitengeneza.

Mtu akifika 12 na saa zake zimeisha, kinachozidi ni saa za ziada, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ndivyo sheria inavyosema, na kwa msimu wa siku chache zilizojaa hutaumia. Kuhusu kujifanya wamemaliza: pita mwenyewe vyumba viwili kwa siku bila kutangaza, shika juu ya feni, funua kona ya shuka, vuta maji chooni. Ukikuta kosa mwite aliyesaini mwende wote mkaangalie, usipige kelele koridoni mbele ya wageni.

Na glavu nunua boksi zima.